Chupa Tisa za Bahari

Chupa zilikuwa tisa, zote za plastiki, zimepangwa sakafuni chumbani kwa mama. Nane zilikuwa za majirani na moja yake. Zilikuwa zimeoshwa, na kwetu Newala kuosha chupa tisa si jambo dogo. Maji tunayakinga mabatini wakati wa mvua na kuyashusha kwenye kisima cha saruji uani. Kuanzia Oktoba tunachota huku tukisikiliza, maana ndoo ikianza kukwaruza chini unajua kwamba mwaka umekuwa mrefu.

Ndiyo maana tuna desturi ambayo watu wa penye mabomba wanaweza kuicheka. Mtu haendi majini na chombo chake peke yake. Zamani, wanawake walipokuwa wakiteremka bondeni alfajiri, anayekwenda alibeba na chombo cha asiyeweza kwenda, awe mzazi, mgonjwa au mzee. Siku hizi wengi tunanunua kwa madumu, lakini desturi haikwenda popote. Ukisema tu kwamba unakwenda penye maji, utaletewa chombo. Kwa hiyo mama alipowaambia majirani kwamba likizo ya Desemba binti yake mwalimu angempeleka Mtwara kuiona bahari, hawakuuliza mengi. Walileta chupa. Kwa wazee wetu, maji ya bahari ni dawa ya miguu inayowaka moto.

Huyo binti mwalimu ni mimi. Nafundisha sekondari Masasi. Mume wangu ni bwana shamba, mtu wa Singida, na mtoto wetu wa kike alikuwa na miaka sita wakati huo. Mama ni mjane wa mwinjilisti. Alizaliwa Makote, amepalilia mikorosho tangu akiwa msichana, na korosho zake zimevuka bahari kwenda nchi asizozijua. Yeye mwenyewe bahari hajawahi kuiona. Nilipokuwa mdogo alinisimamisha ukingoni mwa uwanda wetu wa juu asubuhi moja, ukungu umelijaza bonde lote la Ruvuma, akaniambia, "Baba yako anasema bahari iko hivi, ila ile unaweza kuishika."

Jicho lake la kushoto lilishazimika kwa presha ya macho, na la kulia lilikuwa linafuata taratibu. "Ningependa niione kabla na hili halijafunga," aliwahi kusema, na kusema kwake kuliishia hapo. Hakuniomba. Mimi ndiye niliyeruka nikaahidi, tena mbele ya watu, maana kuahidi mbele ya watu kunanipendeza.

Shuleni kwetu walimu wengi wanatoka mikoa mingine. Kila Desemba wanapanda mabasi kwenda kwao, na Januari wanarudi na habari za baridi, za migomba na milima yenye theluji. Mimi kwetu ni hapo juu tu, unaweza kwenda ukarudi kabla ya chakula cha jioni. Mwaka ule mwalimu mmoja wa Arusha aliniuliza ningekwenda wapi likizo. Nikasema Mtwara, baharini, na mama yangu.

"Yaani unatoka kusini unakwenda kusini?" akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ofisi nzima ilicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Ulimi wangu unajulikana shule nzima. Wanafunzi wanauogopa kuliko fimbo. Siku hiyo ulilala. Mkataa kwao ni mtumwa, ndivyo ninavyowafundisha watoto darasani, na nimewakosesha alama wengi walioshindwa kuikamilisha methali hiyo.

Jioni nikamwambia mume wangu kwamba tungekwenda Arusha.

"Na mama?" akauliza.

"Bahari haihami," nikamjibu.

Mama nilimpigia simu nikiwa jikoni, mlango umefungwa. Nilimwambia nimeitwa semina Arusha, ghafla, mkuu wa shule amelazimisha. Nikamtajia siku za semina, mada yake, hata idadi ya walimu tuliochaguliwa kutoka wilayani. Nikasema na familia imeruhusiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi ni kazi, mwanangu," akasema. "Mungu awatangulie."

Hakuzitaja chupa. Na mimi sikuziuliza, ingawa wiki moja kabla nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, na mama alikuwa amenionyesha ipi ni ya nani.

Safari ilikuwa ya siku mbili. Tulilala Dar es Salaam, mtaa ambao bahari haikuwa mbali, na mume wangu akapendekeza twende tukamwonyeshe mtoto kabla giza halijaingia. Nilikataa. Nilisema nimechoka. Ukweli ni kwamba nilijua nikiiona nitamwona na mama.

Arusha ilitupokea kwa mvua. Mlima Meru, ambao nilikuwa nimeusifu njia nzima kana kwamba ni wa babu yangu, ulijifunika mawingu siku zote nne. Isipokuwa asubuhi moja tulipokodi gari kwenda kutazama twiga, tulikaa kwenye nyumba ya wageni tumevaa kila nguo tuliyobeba, tukinywa chai. Mtoto alisimama dirishani, akauliza, "Mama, mlima wenyewe uko wapi?" Nikamwambia upo, nyuma ya wingu. Akafikiri. "Milima ya Masasi huwa inaonekana," akasema, na baba yake akageuza uso asinionyeshe kwamba anacheka.

Lakini picha nilipiga. Nilinunua shuka jekundu la Kimasai, nikajitanda, nikasimama katikati ya mji huku meno yakigongana, nikazituma kwenye kundi la walimu. Pongezi zikamiminika. Yule mwalimu wa Arusha akaandika, "Karibu kaskazini." Niliyasoma maneno hayo mawili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na nilifurahi. Kama ningekuwa nimekwenda huku nikijuta njia nzima, ningejisamehe kidogo. Nilifurahi kabisa.

Siku ya tatu mama alipiga simu, na mtoto akaiwahi.

"Shikamoo bibi! Bibi, tumeona twiga! Wengi! Na baba amekula nyama, na mama amenunua shuka, na hakuna shule, tunalala tu!"

Nilimpokonya simu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Semina inaendaje?"

"Nzuri, mama. Leo wametupa mapumziko kidogo."

"Haya," akasema. "Mfunikeni mtoto vizuri asije akapata kifua."

Nilishusha pumzi. Nilijiona mjanja, namshukuru Mungu kwamba mama yangu ni mtu wa kuamini.

Krismasi tulikwenda kuila Newala kama kila mwaka. Mvua zilikuwa zimechelewa. Tulikuta watu wanatazama juu kila wingu likipita. Baada ya ibada, nje ya kanisa, mama mmoja wa kwaya, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alinishika mikono yote miwili.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Mwanangu, ahsante kwa maji."

Nilidhani amenichanganya na mtu. Akaendelea. "Miguu hii, mimi nilikuwa silali. Sasa najipaka kila siku, inatulia. Na ulivyopata tabu, upitie Mtwara kwanza, uyachote, uyatume kwa basi, ndipo uende zako semina! Watoto wa siku hizi nani anafanya hivyo?" Akamgeukia mama. "Pole yako wewe uliyekatazwa na daktari, lakini mtoto unaye."

Mama alikuwa amesimama pembeni yangu ameshika kitabu cha nyimbo, anatazama upande wa barabara.

"Amina," nikasema.

Nyumbani nilimfuata jikoni. Alikuwa anachambua mchele wa sikukuu, ungo ameusogeza karibu na jicho la kulia.

"Mama, maji gani?"

"Ya kisimani," alisema. "Niliyachemsha, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe."

"Chupa zote?"

"Nane. Yangu sikuijaza. Mimi si najua yalikotoka?"

Nilitoka uani nikafunua kisima, sijui nilikuwa natafuta nini. Niliteremsha ndoo. Ilikwaruza saruji mara moja. Kutoka kwenye maji hayo ya mwisho, ya kupikia na ya kunywa, mama alichota chupa nane akayatia chumvi yasinyweke tena.

Lakini si maji yaliyonichoma zaidi. Mama yangu hasemi uongo. Nilipokuwa mdogo, wakati mama wengine wanawaambia watoto kwamba sindano haiumi, yeye aliniambia, "Itauma, kisha itaisha." Mtu huyo alipita nyumba nane, moja baada ya nyingine, akitazama nyuso za wanawake anaosali nao, akisema uongo na chupa mkononi.

Nilirudi jikoni nikapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilikudanganya."

"Nilijua siku ile ile uliyopiga simu. Ulieleza mno." Akapuliza makapi. "Nilikuwa bado natafuta maneno ya kuwaambia wenzangu, mtoto naye akasema twiga. Nikaona, hili likijulikana, watasema binti wa mwinjilisti amemkwepa mama yake akaenda kutazama wanyama. Neno hilo likishatoka halirudi. Utakuja hapa mpaka unazeeka wanalo. Basi nikasema daktari amenikataza upepo wa chumvi, kwa ajili ya macho, na mimi ndiye niliyekuambia usinipeleke."

Alisema bila hasira, jinsi anavyonieleza habari za shamba. Afadhali angenitukana.

"Twende kesho," nikasema. "Basi la asubuhi, la kupitia Tandahimba. Mchana tuko Mtwara. Utaiona, mama."

"Nitawaambia nini? Daktari amenikataza."

"Twende kimya kimya."

"Siwezi kwenda kuiangalia bahari kwa kujificha. Mtu mzima mimi." Akaweka ungo chini. "Na nikirudi? Waniulize iko vipi, niseme sijui? Uongo mmoja umeshanitosha, mwanangu."

Ndipo nikaelewa alichokifanya. Ili kunisitiri, alijifungia njia ya kwenda kuiona bahari, na funguo zilikuwa kwangu. Nyumba zenyewe zilikuwa nane, na mtu angezimaliza kabla wali haujaiva. Ningebisha hodi, ningeamkia, ningesema, mama yangu hakukatazwa na daktari yeyote, mimi ndiye niliyemwacha nikaenda Arusha kupiga picha, na maji mliyonayo ni ya kisima chetu. Wangenisema, ndiyo. Wangenisema mwaka mmoja, miwili. Na kesho yake mama angepanda basi mchana kweupe na chupa tisa kwenye mfuko.

Nilivaa viatu. Nilifika mpaka nyumba ya tatu. Yule mama wa kwaya alikuwa barazani, amenyoosha miguu juani, inang'aa kwa maji aliyojipaka. Aliponiona akapaza sauti kwa waliomo ndani, "Njooni mumwone, huyu ndiye niliyekuwa nawaambia!" Wakatoka. Nikapewa kiti, nikapewa soda. Walinisifu. Nilikaa mpaka soda ikaisha, nikaaga, nikarudi nyumbani kula wali.

Mama aliniangalia nilivyoingia. Akaniambia ninawe mikono.

Mwezi wa tatu, nikisindikiza wanafunzi kwenye michezo Mtwara, niliiba saa moja nikashuka ufukweni peke yangu. Chupa yake ya tisa nilikuwa nayo. Niliichukua chini ya kitanda chake siku ya kuondoka bila kumwambia. Nilivua viatu, nikaingia mpaka magotini, nikaijaza. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, maji yametulia, watoto wanaokota kome. Nililia, na nikaona haya hata kulia, maana nani alinizuia?

Jumamosi iliyofuata niliipandisha Newala. Jicho la kulia lilikuwa limebaki na mwanga tu. Mama alinitambua kwa sauti. Nikamwamkia, nikamwekea chupa mikononi, nikamwambia ni nini. Aliishika muda mrefu. Aliitikisa karibu na sikio. Kisha akafungua kizibo, akanusa, akamimina kidogo kiganjani, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Kumbe," akasema. "Nilitia chumvi kidogo mno."

Akacheka peke yake, kicheko kifupi cha mtu aliyekosea pishi. Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba leo nakwenda, nyumba zote nane, sasa hivi.

"Hodi humu," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa yule mama wa kwaya, ameleta ming'oko, viazi vyetu vya porini.

Mama akafunga kizibo haraka, akapapasa ukingo wa kitanda, akaisukuma bahari yake uvunguni. "Karibu, mwenzangu," akaitikia. "Pita, mwalimu amekuja."

Nami nikasimama, nikaamkia, nikampisha kiti.