Moyo Usiotulia Baada ya Mbio

Mimi ni mwalimu wa somo la viungo katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo. Watu wengi mjini huona somo langu ni la kuruka na kupiga mpira tu, kitu cha kuwapumzisha watoto kati ya hesabu na Kifaransa. Na kwa kuwa mimi ni mwanamke ninayevaa suruali ya michezo, wengine huona ni mzaha mtupu. Lakini programu ya masomo inatutaka tufundishe pia kwa nini mwili unachoka, mapafu yanafanya kazi gani, moyo unapandaje mbio na unatuliaje. Sehemu hiyo niliipenda kuliko zote. Haikutaka mpira wala wavu wala viatu. Kila mtoto alikuja na kifaa chake kifuani.

Tulikuwa tunakaa chini kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Wanafunzi wanatafuta mshipa wa shingo kwa vidole, mimi nashika saa, wanahesabu mapigo. Halafu wanakimbia kuzunguka uwanja, mbio fupi tu, maana wengi walikuwa hawajatia kitu mdomoni tangu bukari waliyokula jana yake. Wakirudi wanahesabu tena, wanapumzika, wanahesabu mara ya mwisho. Niliwaeleza kwamba moyo ni msuli kama msuli wa mguu. Ukiufanyisha kazi unapata nguvu, na moyo wenye nguvu hutulia upesi.

Siku hiyo mapigo ya darasa zima yalikuwa yameshatulia, na wanafunzi wameanza kupiga kelele. Msichana mmoja tu alibaki na vidole shingoni. Alikuwa mrefu, si msemaji, mzaliwa wa Nyangwe. Mama yake alikuwa amefariki, baba yake alikuwa anachimba dhahabu Salamabila, na yeye na mdogo wake walikuwa wanaishi kwa nyanya yao karibu na shule.

"Madamu," akaniambia, "ya kwangu haishuke."

Nilidhani amekosea kuhesabu. Nikamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbia, yanajikwaa, yanasimama kidogo, halafu yanakuja mengi pamoja. Nikangoja. Wenzake walikuwa wameshainuka kwenda kunywa maji, na bado hayakutulia.

"Inakuwaka hivi siku zote?"

"Iko vile tangu zamani, Madamu. Nilizania ya kila mutu iko vile."

Mchana uleule nilikwenda kwa nyanya yake. Nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwita koko, kama wote wanavyomwita, nikamweleza nilichokisikia. Hakubisha. Aliosha mikono, akafunga kitenge, tukaenda wote watatu kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimsikiliza msichana kifuani muda mrefu, akarudia mgongoni. Kisha akamuuliza koko kama mtoto aliwahi kuumwa koo na viungo alipokuwa mdogo.

"Magoti," koko akasema. "Yalivimba. Leo goti hili, kesho lile. Tulimufunga majani, yakapona."

Muuguzi alisema magoti yalipona lakini ugonjwa uleule ulikuwa umeugusa moyo, kwenye vile vilango vya kupitishia damu. Alimwandikia sindano za kila mwezi, akasema lazima apelekwe hospitali ya Kindu, na kama hawawezi huko, basi mbali zaidi. Kwa wakati huu asikimbie na asibebe mizigo. Koko alikuwa anaitikia kwa kichwa. Barabara ya Kindu ilikuwa imekatika kwa mvua, hata pikipiki zilikuwa zinabebwa na watu kwenye matope. Baba alipopata habari Salamabila, alijibu wamngoje, atakuja kumchukua mwenyewe mvua zikipungua.

Tukangoja. Darasani nilimpa saa yangu awe yeye wa kusema "anza" na "simameni." Aliifanya kazi hiyo kwa uso wa mtu mzima, na wenzake walimtii. Mimi nikadhani nimepata njia nzuri. Lakini akaanza kukosa siku moja moja, halafu juma zima. Nikaenda kumtazama.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka nje, ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Miguu ilikuwa imejaa maji. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale. Koko alikuwa ndani. Msichana akaniambia kwa sauti ya chini:

"Madamu, nilikuwa najifunza pole pole."

"Unajifunza nini?"

"Kukimbia. Kila asubuhi, koko akiwa bado analala, nikienda kuteka maji, nilikuwa napanda ile mulima mbio, na bido ya maji kichwani. Ulisema moyo ni musuli, ukiufanyisha kazi unapata nguvu."

Nilimwambia si kosa lake. Nilimwambia nilichofundisha ni cha moyo mzima, na wa kwake ulikuwa umejeruhiwa, ulitaka dawa kwanza. Alinisikiliza vizuri, kama darasani. Halafu akauliza:

"Sasa yenye kujeruhiwa, inafundishwa namna gani?"

Programu haikuwa na ukurasa wa hilo.

Alikufa asubuhi moja kabla kengele ya shule haijalia. Tulimzika mvua ikinyesha. Baba yake alifika baada ya maziko, ametapakaa matope mpaka kiunoni, pikipiki imemfia njiani. Alinikuta kwenye matanga, nimekaa na wanawake. Alisimama mbele yangu.

"Ni weye madamu wa kuhesabu mioyo ya watoto?"

"Ndiyo, baba."

"Mutoto yangu alikuwa natembea, nakula, nacheka. Umemushika mukono, akaanza kufa."

Koko alimwambia anyamaze, akamweleza habari ya magoti na muuguzi. Baba hakusikia, au hakutaka. Aliketi chini kwenye matope akalia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyeniangalia tena.

Maneno yale yalitembea mjini upesi kunishinda. Wazazi walikuja kwa mwalimu mkuu, tunayemwita prefe, wakasema watoto wao wasiguswe shingo. Kwenye vyumba vya maombi walisema mapigo ya mtu ni siri ya Mungu. Prefe ni mtu mzuri. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Madamu, najua hauna kosa. Lakini uache ile sehemu. Uwafundishe defile, sikukuu iko karibu."

Koko peke yake alikuja kwangu. Alimleta yule mdogo wa marehemu, akamsukuma mbele, akasema, "Musikilize." Nilimshika mkono mtoto. Mapigo yake yalikuwa sawa. Nilirudia ili niwe na hakika, nikamwambia koko hivyo. Hakushukuru wala hakutabasamu. Alisema tu, laiti zamani, magoti yalipovimba, angalikuwa na mtu wa kumwambia, kisha akamchukua mjukuu wake wakaenda sokoni.

Sasa nafundisha defile, gwaride la sikukuu. Wanafunzi wanatembea mistari minne uwanjani, mikono inapanda na kushuka pamoja, wazazi wakipita njiani wanasimama kutazama na kufurahi. Wengine kati ya hao watoto wana midomo mikavu, wengine wanahema mapema mno. Ninawaona. Namwambia anayehema atoke kwenye mstari akae kivulini, na akiniuliza kwa nini, namwambia jua ni kali.