Fimbo ya Baba Mkwe na Jua Lililogoma Kutua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka kichwa hunizunguka. Jua liligoma kutua, watu wazima waliruka kichurachura wakizunguka mlingoti uliovikwa maua, na mimi nilikuwa katikati yao na gauni la kufagia chini na leso begani, sijui nicheke, nilie au nikimbie. Nakusimulia kwa sababu wewe nawe umeanza kuingia kwenye nyumba za watu, na nyumba za watu zina mambo.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Mume wangu Makori alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee kaskazini kabisa mwa Uswidi, nami nikamfuata. Huko tukajaliwa binti. Kanisani aliitwa Ruth, lakini jina la ukoo hakuwa nalo. Kwetu Wagusii jina hilo hutoka upande wa baba, na mtoto asiye nalo huwa kama mgeni kwao. Baba yake Makori, mzee wa Nyamira ambaye alikuwa hajawahi kulala mbali kuliko Kisumu, akasema jina halitumwi kwa simu. Angelileta mwenyewe.

Akalileta, kisha akakaa nalo.

Chinsoni unaijua, ile heshima yetu ya kuoneana haya kati ya wazazi na watoto waliokwisha kuoa. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hashikani mkono na mke wa mwanawe. Kule Nyamira jambo hilo halina taabu, maana boma ni pana na kila mtu ana mlango wake. Lakini sisi tulikaa kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu! Mzee angelala wapi?

Tuliokolewa na jirani yetu Ingrid, bibi mmoja mjane mwenye vibanda viwili kando ya ziwa. Kiangazi kikifika, watu wa huko huacha nyumba nzuri zenye maji ya moto wakaenda kulala kwenye vibanda ambavyo vyoo vyake viko msituni, na wao huiita hiyo raha. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mzee akapewa kibanda kimoja, sisi tukachukua kingine, na hakuna aliyeuliza kwa nini baba hakai kwa mwanawe.

Mimi nikaazimia kuwa mkwe wa mfano. Chakula nilikipika, akakipeleka Makori. Mtoto nilimvisha, akambeba Makori. Nikimwona mzee anakuja, nilikata kona nikapita nyuma ya miti. Siku zikapita na jina halikutoka. Usingizi ukanipotea. Nilikuwa nimekosa nini? Ugali haukuiva? Au hakutaka mtoto wa kike?

"Tata amesema nini leo?" nilimuuliza Makori kila jioni, maana baba kwetu ni Tata.

"Amesema viazi vya huku ni vidogo."

Basi ikafika sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, nayo huangukia Ijumaa. Mzee wetu alikuwa mtu wa Sabato, na Sabato huingia jua likitua. Akakaa kwenye benchi na Biblia yake mkononi na fimbo yake kwapani akilitazama jua, jua nalo likimtazama.

"Makori, hili jua linatua saa ngapi?"

"Halitui, Tata. Mpaka mwezi ujao."

Mzee akaifunga Biblia. "Kwa hiyo Sabato ya huku inaingilia wapi?"

Makori akaitazama saa yake, kisha jua, na mimi swali hilo linanisumbua mpaka leo.

Wenyeji wakawa wanafika kwa makundi, wanawake na mashada ya maua kichwani. Mwanangu, hao ndio watu ambao wakati wa baridi tulikutana nao kwenye ngazi wakatazama viatu vyao. Sasa walitukumbatia kama waliotuzaa. Wakasimamisha mlingoti, wakauvika majani na maua, nami nikadhani ni sanamu ya kuabudiwa. Ingrid akacheka sana. Akasema wanafurahi tu kwamba giza limeondoka. Wengine, vijana kwa vikongwe, wakajirusha ziwani na vichupi. Mzee akainuka taratibu, akaligeuza benchi likatazama msitu.

Mimi nilijibanza nyuma ya mti wangu. Kumbe mwenyeji wa huko akifurahi, hakuna cha mti wala cha jiwe! Watu walikuwa wanashikana mikono kuzunguka mlingoti, na Ingrid akaenda akamvuta mzee kutoka kwenye benchi lake. Mzee alipinga kidogo, lakini kumkatalia bibi wa watu mwenye kibanda unacholalia ni vigumu. Wakati huohuo mama mmoja nisiyemjua akanitoa mafichoni na kunisukuma kwenye nafasi iliyobaki. Kuinua macho, aliyesimama kushoto kwangu ni baba mkwe.

Muziki ukaanza. Duara lote lilikuwa limeshikana, isipokuwa pale kati yetu. Makori alikuwa upande wa pili na mtoto kifuani, mdomo wazi. Kichwani mwangu methali zilipigana. Moja ilisema mwacha mila ni mtumwa. Nyingine ilisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Nikiushika mkono wa mzee, nimemvunjia heshima, na jina la binti yangu limekwenda. Nikikimbia, nimewatia aibu waliotupokea. Sikujua la kufanya. Nikaanza kurudi nyuma.

Ndipo mzee akaichomoa fimbo yake kutoka kwapani, akaninyooshea ncha bila kunitazama.

Nikaishika. Duara likafunga. Tukazunguka mlingoti ule, yeye kichwa cha fimbo, mimi mguu wake, na wenyeji walifurahi wakidhani ndivyo watu wa Nyamira wanavyocheza. Akina mama wawili wakaenda kutafuta vijiti vyao.

Muziki ulipokwisha, mzee akarudi kwenye benchi na kuitisha mtoto. Nikaanza kuelekea mti wangu. Akaanza kuzungumza na mtoto kwa Ekegusii, kwa sauti ya kunifikia popote ambapo ningejificha.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako hivi. Nimepanda ndege, tumbo likanifika shingoni, ili nimwone mtu aliyekuzaa. Tangu nifike naona mgongo tu. Chinsoni haikuwekwa ili tukimbiane. Iliwekwa ili tukae boma moja bila kuvunjiana heshima. Anayepita nyuma ya miti haniheshimu, ananiogopa kama chui. Muulize, mimi ni chui?"

Nikasimama. Macho nikayaelekeza kwa mtoto. "Mwambie sokoro, babu yako, hapana, si chui."

"Basi mwambie asimame hapo ninapomwona. Jina la mama yangu siwezi kumpa mtoto ambaye mama yake ni mgongo."

Nikasogea, nikasimama mahali pa wazi, mbali ya kutosha, karibu ya kutosha. Mzee akamwinua mtoto kwenye lile jua lao. "Kwamboka," akasema. Nililia pale pale, na sikujificha.

Nilipowasimulia wazee wa nyumbani, hawakuafikiana. Mmoja alisema fimbo ni mkono mrefu tu, kwa hiyo mzee alivunja mila. Mwingine akasema fimbo ni ukuta, kwa hiyo aliilinda. Mimi siku nyingine nakubaliana na huyu, siku nyingine na yule.

Mzee ametangulia, na fimbo aliniachia mimi, si Makori. Sasa Kwamboka anamleta mchumba wake Nyamira, kijana wa hukohuko kwa Ingrid, na watu wale kiangazi kikiwashika wanakumbatia hata nguzo ya stima. Dada zangu wananiuliza, mama mkwe akikumbatiwa na mkwewe itakuwaje? Nawajibu kwamba fimbo iko nyuma ya mlango, na jikoni sitajificha.

Mwanangu, itafika siku mila mbili zitakushika mikono na kila moja ivute kwake. Usione haya kuchanganyikiwa, maana hata mimi sijatulia mpaka leo. Ila usikimbie. Heshima si utumwa, wala si kujificha. Ukikimbia, unamwacha mwenzako amenyoosha mkono hewani mbele za watu. Simama uonekane, kisha tafuta kitu mtakachoweza kukishika wote wawili.

Mungu akufungulie milango ya watu, akupe boma lenye nafasi. Na siku utakayokosa pa kushika, asikose mzee wa kukunyooshea fimbo.