Mafuta ya Romarini Kifuani mwa Mtoto

Msusi wangu alipofungua chupa ya mafuta ya romarini, yaani rozmari, harufu yake kali ilinirudisha utotoni, kwenye joto la mji wa Bugarama.

Mdogo wangu mchanga alikuwa amebanwa na mafua. Maman akampaka mafuta hayo kifuani na chini ya pua, bila kuyapunguza makali kwa mafuta mengine. Ngozi ikawa nyekundu, akaanza kupumua kwa shida, tukamkimbiza zahanati.

“Maman, bebe habamupakake hii mafuta!” muuguzi alifoka mbele ya foleni nzima, akimkataza kabisa. “Ulitaka afe?”

“Nilitaka tu apumue muzuri,” Maman akasema, akijifunika uso kwa kitenge. Wanawake wa kwenye foleni wakanitazama hata mimi.

Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile, mmoja wetu akiugua, Papa ndiye aliyeingia naye kwa muuguzi. Maman alibaki nje ya geti la zahanati, juani.