Nyumba ya Bado Yapigwa Lipu

Jirani yangu ni fundi wa lipu. Ukipita mjini ukaona ukuta ulionyooka mpaka nzi anateleza, huo ni mkono wake. Amepiga lipu zahanati, benki na nusu ya maduka ya barabara kuu. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa tofali tupu, ndani na nje.

Kinyozi hajinyoi, watu husema. Lakini huyu hakuwa mvivu, wala saruji haikumpiga chenga. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa ya mtaa mzima. Kwetu, kodi kamili ya majengo hutozwa nyumba iliyokamilika. Nyumba ambayo ingali inajengwa hulipa kidogo tu. Basi hakuna aliyemaliza. Huyu aliacha nondo zimechomoza juu ya paa kama nywele za mtu aliyeshtuliwa usingizini. Yule aliziba dirisha moja kwa mbao. Mwalimu mstaafu alikuwa na rundo la mchanga mbele ya mlango, limekwisha kuota majani, na kila wakaguzi wa jiji walipokaribia alitoka na jembe kulipalilia, lionekane limeletwa jana.

Fundi yeye alikuwa na neno moja. Mkaguzi akimuuliza, "Mzee, nyumba hii imekwisha?" alishika kiuno, akatazama juu, akajibu kwa huzuni ya kweli, "Bado." Tukamwita Bado, na jina likamkaa kuliko alilopewa na wazazi.

Aliyeumia ni mkewe. Ukuta wa sebule ulikuwa ukimwaga vumbi mchana na usiku. Mgeni akiegemea, aliondoka na ramani mgongoni. Mwaka huu binti yao alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa wanakuja kujitambulisha. Mke alitaka kitu kimoja tu: wakwe waikute sebule ina lipu.

"Leo umepiga lipu wapi, baba?" alimuuliza jioni moja, nami nikiwa nimepita kurudisha ngazi.

"Stoo ya yule muuza viatu."

"Kwa hiyo viatu vinalala penye lipu."

"Vina bahati."

"Na mimi nina nini?"

"Una subira, mama watoto."

Kikombe cha chai kiliwekwa mezani kwa namna ambayo niliaga bila kukaribishwa.

Hapo ndipo habari zikaja mbili kwa mpigo: kodi ya majengo itapanda, na jiji litajenga mnara wa saa kwenye mzunguko wa barabara. Mkutano uliitwa katika darasa la shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, watu wazima na ndevu zetu.

Diwani alieleza kwamba saa ni sura ya mji.

"Sura huoshwa kwanza, mheshimiwa, ndipo ipambwe!" Huyo alikuwa Mama Saluni, mwenye ulimi mkali kuliko mikasi yake. "Mvua ikinyesha, maji machafu yanaingia kwangu mpaka wateja wananyanyua miguu. Tuchimbie mtaro. Saa tutaangalia kwenye simu."

Watu wakashangilia. Mwalimu mstaafu akamsukuma Bado asimame, maana nyumba yake ndiyo ilikuwa ushahidi wetu mkubwa. Bado akasimama.

"Mheshimiwa, sisi ni watu wa hali ya chini. Hata nyumba hatujamaliza. Mtu anayelala kwenye tofali tupu, unamtoza saa?"

Madawati yakapigwa mpaka vumbi la chaki likatua mabegani mwetu. Bado akaketi kama aliyeshinda kesi. Mkewe, aliyekuwa dawati la nyuma, hakupiga makofi.

Kisha akainuka mhandisi wa jiji, binti mpole aliyekuwa kimya muda wote. Akabandika ramani ubaoni. Mitaa mingine ilikuwa na rangi ya kijani. Wetu ulikuwa kijivu kitupu.

"Wazee wangu, mtaro hatujawanyima. Tunagawa mitaro kwa kuhesabu nyumba zilizokamilika. Hapa kwenu hakuna."

"Hakuna nini, mwanangu?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna nyumba. Kwetu sisi hapa ni eneo la ujenzi. Mafundi wakimaliza na watu wakahamia, tutawachimbia."

Tukaikodolea macho ramani.

"Sasa sisi ni nani?" mwalimu akauliza tena, kwa sauti ndogo.

"Walinzi wa saruji," alisema Mama Saluni.

Mhandisi akaongeza kwamba hata nyumba moja ingetosha. Mtaro ukianza kwake ungepita mbele ya milango yote. Macho yakaanza kutafuta hiyo moja.

"Mwalimu, wewe una pensheni."

"Na mchanga wangu je? Hamuuoni?"

"Basi Mama Saluni."

"Mimi sina dirisha."

"Lina pazia!"

"Pazia si kioo, shemeji."

Ndipo mke wa Bado aliposimama.

"Andika yangu," alimwambia mhandisi.

"Bado!" mumewe aliruka, na darasa zima likaangua kicheko.

"Kaa, baba. Umesema mbele ya watu kwamba unalala kwenye tofali tupu. Nani amekulaza? Mji wote unaujua mkono wako isipokuwa ukuta wangu." Akatugeukia sisi. "Yangu itakamilika kabla wakwe zangu hawajafika. Lakini mtaro ni wa wote, basi na kodi itakayoongezeka ni ya wote. Tutachanga."

Mama Saluni alinyoosha mkono wa kwanza. Mwalimu alikohoa, akatazama dari, akanyoosha. Hatukuwahi kupiga kura ya kulipa kodi, lakini kodi ikiwa ya nyumba ya jirani, moyo hulegea.

"Na saa?" diwani aliuliza kwa unyonge.

"Bado!" darasa zima lilijibu.

Kazi ilifanyika wiki hiyohiyo. Mwalimu alitoa mchanga wake, tukachambua mizizi. Bado alipiga lipu polepole, kama anayemvalisha mgonjwa shati. Alipofika kona ya mwisho aliacha nafasi ya ukubwa wa sahani na kuanza kuosha mwiko.

"Na pale?" mkewe aliuliza.

"Pale kabati litaziba."

"Baba."

"Ni akiba tu. Sheria ikibadilika, tunaweza kusema..."

"Baba!"

Akakoroga tena.

Mkaguzi alikuja siku ya jua kali. Mtaa wote ulitoka kushuhudia, maana hakuna aliyekuwa na uhakika na ulimi wa Bado. Mkaguzi aliingia sebuleni, akatazama, akauliza swali lake la kila mwaka.

Bado akashika kiuno. Akatazama juu. Midomo yake ikajiandaa kwa neno ililolizoea, na Mama Saluni akanikamata mkono.

"Imekwisha," alisema, kama anayerudisha kitu alichoazima.

Mkewe alikuwa amevaa gauni jeupe, lile la wakwe. Aliegemea ukuta mgongo mzima, akajisugua kidogo, kisha akageuka taratibu ili sote tuone.