Sakafu ya Deok-bae

Bibi Ok-rye alipoanguka jikoni mwanzoni mwa baridi, mwanawe Gi-jun alipanda kutoka mjini Wonju akiwa amekwisha kuamua. Ama iwekwe kamera chumbani awe anamwona mama yake, ama mama afunge nyumba ya mlimani akaishi naye ghorofani. Bibi, ambaye hajawahi kuiamini lifti, akachagua kamera.

Kumbe na kamera ina masharti yake. Mtandao wa hewani haukupenya zile kuta nene za mawe na udongo, na kuzitoboa ni kuziomba zimomonyoke. Fundi Pyo, mwanamke mwenye sauti ya kumsimamisha ng'ombe aliyekimbia, akasema waya utapita chini ya kizingiti, halafu kwenye mfereji mwembamba sakafuni mpaka kwenye kamera.

"Mabomba ya maji moto ya kupasha sakafu joto yamepita wapi humu, Bibi?"

"Muulize mume wangu. Ndiye aliyeyalaza."

"Yuko wapi nimuulize?"

"Kaburini, tangu vuli."

Pyo alikohoa, akaona haya. "Basi kuna kazi. Nikitoboa bomba, nyumba haina joto mpaka tuvunje sakafu yote. Na nikiulaza waya ubavuni mwa bomba, joto litauharibu."

Bibi alitazama barafu iliyoning'inia kwenye paa. Nyumba bila joto msimu huu maana yake ilikuwa moja tu, nayo ni lifti ya Gi-jun.

Mzee Deok-bae, marehemu mumewe, alikuwa mtu wa kununa. Katika ndoa yote ile hakumwambia mkewe neno tamu hata kwa bahati mbaya, na hakuinua bakuli lake mwenyewe kutoka mezani. Kazi moja tu ya ndani aliyoifanya ni kupiga deki sakafu ya chumba cha kulala, na alikuwa akimfukuza mkewe kabisa. "Toka, utaichafua," alikuwa akisema, na majirani wakacheka mpaka wakazoea. Usiku alilala mlangoni, mkewe kule ukutani. Akiulizwa, anasema ana damu ya moto. Bibi hakudanganyika: alijua analala pale apate kutoroka kwenda kunywa pombe ya mchele na wenzake. Hata siku ya mazishi alisema hivyo, kwa sauti.

"Tuzime boila inayochemsha maji, sakafu ipoe," Pyo akasema. "Tuilowanishe yote, kisha tuwashe tena. Patakapokauka kwanza ndipo palipo na bomba."

Wakatoa godoro, wakamwaga maji, wakakaa kizingitini wanamenya viazi vitamu vya kuchoma. Bibi alikuwa na kiazi mdomoni sakafu ilipoanza kusema.

Kule ukutani, mahali pake pa kulala, ilijitokeza mistari mikavu iliyobanana, bomba kando ya bomba, ikizunguka na kurudi palepale mpaka ikawa na umbo la godoro lake. Halafu bomba moja lilitoka pale, likafuata ukuta wa pembeni, likaishia kwenye boila. Mlangoni maji yalikuwa yametulia tu, yanang'aa.

Pyo alivua kofia. Amefungua sakafu nyingi mkoani, lakini kama hii hakuwahi kuiona. "Bibi," alisema polepole, na sauti yake ilikuwa imepungua, "hapa alikuwa analala nani?"

Bibi alikiweka kiazi chini. Ndiyo maana alikuwa anamfukuza, mzee yule! Asije akaona pakikauka. Alitaka kumgombeza, na hapakuwa na wa kugombezwa.

"Basi njia ndiyo hii," Pyo akasema, akionyesha upande wa mlangoni. "Hapa hakuna bomba hata moja. Waya utakaa salama."

Wakaupitisha hapohapo. Alasiri kamera ikawaka, fundi akaaga akiinama kuliko ilivyohitajika, na Bibi akabaki peke yake. Alitazama godoro lake, lililorudishwa kule kwenye joto. Kisha akajilaza mlangoni, bila godoro, shavu chini.

Simu ikalia papo hapo. "Mama! Umeanguka? Usisogee, nakuja!"

"Sijaanguka. Nimelala mahali pa baba yako." Akaipapasa sakafu. "Gi-jun, pana baridi hapa, mwanangu. Pana baridi kweli."