Matairi ya Kumpendeza Mama Mkwe

Mwenye kosa ni mimi. Naanzia hapo, maana nikianza kwa kueleza nitajikuta najitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha nilipo. Wewe unayesoma hunijui na hutanijua. Kwako naweza kusema. Nyumbani siwezi!

Mimi ni Mbondei wa Muheza. Nimeoa kijijini Mwera, ng'ambo ya Mto Pangani, katika ukoo wenye asili ya Omani na minazi waliyoachiwa na babu zao. Hawajanidharau, siwasingizii. Lakini miaka kumi na minne nimekuwa mume wa binti yao, basi. Nikitoa wazo la shamba, mama mkwe hunisikiliza mpaka mwisho, husema inshallah, kisha humgeukia mwanawe na kumuuliza yeye anaonaje.

Huyo mwanawe ni kaka wa mke wangu, shemeji yangu. Ndiye aliyekuwa dereva wa trekta la familia. Trekta lenyewe ni dogo, lina kijiko mbele cha kuzolea mbolea, makumbi na udongo. Shemeji hakuwa na shahada wala cheo, ila pale Mwera nzima ilijua kwamba hajawahi kuangusha hata toroli. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake. Uikumbuke, maana ndiyo niliyomwibia.

Sasa, mama mkwe ana ukoka mbele ya nyumba. Ameupanda mwenyewe, anaumwagilia mwenyewe kila alasiri, na mtu akikatiza juu yake na viatu anaitwa arudi azunguke. Trekta hulala kwenye banda nyuma ya nyumba na njia ni moja tu, inapita pembeni mwa ule ukoka. Matairi ya zamani yalikuwa yamechakaa, yana nyufa, lakini meno yaliyobaki yalikuwa yanachimba kila siku ya mvua.

Siku moja tumekaa barazani watu wengi, mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, hili trekta lenu limenilimia uwanja. Au mwataka nipande muhogo?"

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka, hakuwa na ubaya. Lakini mimi niliingia ndani kama niliyepigwa kofi. Nikajiapia kwamba matairi mapya nitayanunua mimi, na ukoka ule hautaguswa tena.

Nikaomba nitumwe Tanga mjini. Wakakubali, na ilikuwa mara ya kwanza kuaminiwa jambo kubwa la shamba. Duka nililoingia lilikuwa la dada mmoja, amejifunga kanga kiunoni, mikono myeusi kwa mpira. Hakunionyesha hata tairi moja kabla ya kuniuliza maswali. Trekta linafanya kazi gani? Udongo gani? Kuna miteremko? Kijiko kinabeba nini?

"Kaka, kijiko kikijaa, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma panabaki pepesi," aliniambia. "Nyuma chukua yenye meno marefu, tena tuyatie maji ndani yawe mazito. Mbele chukua magumu, ya kubeba."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Shamba letu lina mteremko mrefu wa udongo wa mfinyanzi unaoshuka mpaka bondeni, na mvua ikinyesha hata mbuzi wanaukwepa. Lakini mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja. Meno marefu juu ya ukoka! Na maji ndani, uzito wote ule!

Nikamjibu kwamba kwetu ni tambarare, kichanga kitupu. Nikanyoosha kidole kwenye matairi mapana, yenye vijimeno vifupi, laini kama nyayo za kandambili. Akasema yale ni ya trekta za kukatia nyasi, za viwanja vya mpira. Nikasema ndiyo hayo hayo. Maji? Sitaki maji. Akanitazama kidogo, akamwita kijana wake wapakie.

Jamani, niseme nini! Trekta lilipopita kwenye ukoka na matairi mapya halikuacha hata alama. Mama mkwe alisimama mlangoni akaangalia, halafu akaniita "baba". Akanimiminia kahawa kwa mkono wake na kunisogezea sahani ya halua kabla ya mwanawe. Jioni ile nilijiona mtu.

Masika ikaingia. Wiki ya kwanza tu shemeji akanifuata bandani, akainama akapitisha kidole gumba juu ya tairi la nyuma.

"Shemeji, haya hayaumi ardhi," akasema. "Kule mteremkoni nateleza hata kabla sijapakia."

Ningeweza kumwambia ukweli palepale. Badala yake nilicheka, nikamuuliza kama ameanza kuendesha leo. Mbele ya vibarua! Mtu wa fahari kama yule ukimwambia hivyo, atafanya nini? Alipanda akawasha.

Siku yenyewe tulikuwa tunashusha udongo wa kuziba njia iliyokatika bondeni. Mimi nilisimama chini, kwa hiyo niliona kila kitu. Nataka hili uliandike moyoni mwako: kijiko kilikuwa chini. Kikiwa juu na mzigo, trekta hupinduka na kosa ni la dereva; chake kilikuwa chini ya magoti, kama alivyokibeba siku zote. Akashika breki katikati ya mteremko. Magurudumu ya nyuma yakakaza kabisa, hayazunguki, na trekta likaendelea kushuka tu, kama sabuni kwenye sakafu yenye maji. Likageuka ubavu, nyuma ikanyanyuka, likalala. Mguu wake wa kushoto ukabaki chini, kati ya chuma na shina la mnazi.

Tulimchimbua kwa majembe na mikono. Sitaeleza sauti yake.

Tulimlaza nyuma ya gari mpaka kivukoni Bweni, tukakuta kivuko ndio kwanza kimeondoka kwenda upande wa mjini. Hakuna njia nyingine ya haraka ya kufika hospitali. Nilisimama pale ukingoni nikiangalia kikienda, shemeji amezimia nyuma yangu, na simu ikaita. Mama mkwe. Aliuliza jambo moja, imekuwaje.

Nikasema, "Mama, aliinua kijiko juu mno."

Maneno machache tu, yakatoka yenyewe! Sikuyapanga. Kivuko kilipofika upande wetu, habari ilikuwa imeshaenea Mwera yote.

Vibarua walikuwa juu nyuma ya kilima wakichimba udongo, hawakuona. Shemeji mwenyewe alipozinduka hakukumbuka chochote baada ya kuwasha trekta asubuhi. Aliambiwa na watu kwamba aliinua kijiko, akaamini, maana aliyesema ni mimi niliyekuwepo. Nilipokwenda kumwona wodini akanishika mkono na kuniomba radhi. Yeye aniombe mimi radhi! Kwa kuharibu trekta!

Mguu umepona kwa kupinda. Klachi hawezi kuikanyaga tena, kwa hiyo haendeshi. Anasimamia wafuaji nazi akiwa amekaa kwenye kigoda. Vijana wamempa jina, wanamwita Kijiko Juu. Analiitikia huku anacheka, na dereva mpya alipoanza kazi alimwita akamfundisha kwa upole asije akafanya kosa kama lake.

Na mimi nimenaswa. Matairi yale siwezi kuyabadilisha, kwa sababu nikiyabadilisha nitaulizwa kwa nini. Mvua ikinyesha nakataza trekta lisitoke, nasingizia injini, nasingizia dizeli chafu. Kila Ijumaa baada ya swala tunakula kwa mama mkwe, na sasa ananiuliza mimi kwanza mambo ya shamba. Nilichokitaka miaka kumi na minne nimekipata, na sahani naiacha nusu. Mke wangu anadhani nina vidonda vya tumbo.

Ningeendelea hivyo hivyo, nakuambia kweli. Kilichonivuruga ni jirani yetu mmoja ambaye naye anataka trekta la kijiko, na shamba lake lina mteremko kuliko letu. Alikwenda kumuuliza shemeji achukue matairi gani. Shemeji akamwambia achukue kama yetu, ni mazuri, hayaharibu uwanja, ila aangalie tu asiinue kijiko kama yeye.

Niliposikia, nilitoka mbio. Nikamfuata yule jirani kwake, nikamsihi achukue yenye meno, ayajaze maji, mbele aweke magumu. Yaani nilimkaririsha maneno ya yule dada wa Tanga neno kwa neno. Akashukuru. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, akaenda kumweleza shemeji nilivyomshauri.

Ijumaa iliyopita baada ya kula, shemeji alibaki nami barazani. Fimbo yake imelala mapajani. Alikuwa akiangalia ule ukoka.

"Shemeji," akasema, "siku ile, kijiko kilikuwa juu kiasi gani? Nionyeshe kwa mkono."

Ndugu yangu unayesoma, mlango ulikuwa umefunguliwa wazi. Kilichotakiwa ni kuushusha mkono mpaka magotini, basi. Nisingehitaji hata kusema.

Mama mkwe alikuwa anatoka ndani na birika la kahawa. Nikainua mkono mpaka begani.

Shemeji akautazama ule mkono, akatikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi," akasema, akapokea kikombe.

Wewe unayekwenda kununua matairi, ukiulizwa udongo wa kwenu sema ulivyo, na uchague ya kumrudisha dereva nyumbani, si ya kufurahisha macho ya watu barazani. Na kama umeshakosea, sema siku hiyohiyo, hata kama simu imekukuta ukingoni mwa mto. Mimi nilidhani nitasema kesho yake. Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi, na inazidi kuwa ngumu kila siku.

Kesho ni Ijumaa tena. Nitakwenda, nitakaa palepale, nitamiminiwa kahawa. Ukoka umestawi, hauna hata alama moja ya tairi.