Mguu wa Baba Kwenye Beseni

Mpaka leo sijui vizuri kilichotokea kwenye ule mguu, na mimi ndiye niliyeutengeneza.

Baba alikatika mguu wa kulia, chini ya goti, kwa ajali ya trekta huko kwetu Kaniha. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye karakana ya viungo bandia upande wa Ngara, basi mguu wake nikautengeneza mwenyewe: kikombe cha plastiki ngumu cha kuingiza kigutu, chini yake bomba la chuma, katikati gundi ya kuvishikamanisha. Asubuhi ya baridi ulikaza vizuri. Saa sita, jua likiwaka, ulianza kulia kwa, kwa, kwa. Gundi ikipata joto hutanuka kuliko chuma, ikipoa husinyaa kuliko chuma, na kwa kuvutana huko kila siku mwisho vinaachana. Nilibandua, nikabandika, nikabandua tena, mpaka nikauchukia.

Na sasa nilikuwa naolewa. Familia ya mchumba wangu, Wahangaza wa Mbuba, walikuwa waje na ng'ombe wa mahari. Baba yangu ni Msukuma, na kwake baba wa binti hapokei ng'ombe akiwa kitini. Anaingia zizini, anawazunguka, anawashika nundu, huyu anamkubali, yule anamkataa. Usingizi ulimpaa kwa hilo tu.

"Nikianguka mbele ya wakwe," aliniambia, "watasema wameoa kwa kiwete."

Mwalimu wangu wa zamani chuoni akanipa kopo la unga mweupe. Unga huo, alisema, ukipata joto unasinyaa. Nilimwomba arudie, akarudia. Ukiuchanganya na gundi, gundi inataka kutanuka, unga unaizuia, na mchanganyiko unatanuka kidogo tu, karibu sawa na chuma. Ukitia kidogo haufanyi kazi, ukizidisha gundi inakuwa kavu na inapasuka. Kwenye karatasi nilielewa. Nilipokuwa nakoroga kwa mkono wangu sikuelewa hata chembe, maana tangu nizaliwe sijaona kitu kinachoogopa moto kwa namna hiyo.

"Kinasinyaa kwa joto?" Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo si dawa ya mganga kweli?"

"Si dawa, baba."

"Haya, nieleze."

Nikamweleza. Nilipomaliza tukawa wawili tusioelewa.

Lakini ulishika! Mchana kweupe alitembea mpaka shamba la mihogo na kurudi, mguu kimya. Nilimwonya jambo moja tu: usiuloweshe, unga huu unanyonya maji, na ukishiba maji hausinyai tena. Akaitikia vizuri kabisa.

Asubuhi ya siku yenyewe naingia uani, naukuta mguu umelala ndani ya beseni la maji.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimeukaza," akasema, ametulia tuli. "Jembe likilegea mpini si tunaliloweka?"

Jamani! Ni kweli, kwetu kila mtu huloweka jembe jioni ili mti uvimbe na kushika chuma. Lakini mguu ule haukuwa na mti hata kidogo. Nilifoka, nikalia, nikaufuta kwa kanga yangu mpya, nikauanika juani, halafu nikauondoa juani kwa hofu, nikaurudisha tena. Sikujua maji yamefika wapi. Labda hayakuingia kabisa. Labda yameingia yote.

"Leo kaa kitini, baba. Nakuomba."

"Yaya," akasema. Baba akishasema hapana kwa Kisukuma, mjadala umefungwa.

Wakwe walifika jua likiwa utosini. Bibi harusi haonekani zizini, kwa hiyo nilifungiwa chumbani na shangazi zangu, sikio dirishani. Nilisikia salamu, shikamoo na marahaba nyingi, halafu ng'ombe wanakoroma, halafu hatua za baba. Kimya. Hatua nyingine, kimya. Nikaanza kuvuta pumzi.

Kwa.

"Umesikia?" nikamwuliza shangazi.

"Ni kwato hiyo."

Kwa, kwa. Kisha kishindo. Kisha wanaume wakacheka.

Damu ilinipanda. Wanamcheka baba yangu! Shangazi alinishika kanga, nikaiacha mkononi mwake, nikakimbia mpaka zizini nikiwa na gauni tu.

Baba alikuwa amekaa chini kwenye samadi. Baba mkwe wangu naye amechuchumaa kando yake, suruali yake ya kanisani imechafuka. Kikombe kilikuwa mkono mmoja wa baba, bomba mkono mwingine, na katikati gundi imeachia safi.

"Sasa angalia hapa, mkwe," baba alikuwa anasema. "Huu weupe ni unga. Gundi ikipata joto inatanuka, unga unasinyaa, vinazuiana, chuma hakisumbuliwi. Binti yangu ndiye aliyeutengeneza."

"Mbona umeachia?"

"Nimeuloweka mimi. Alinikataza."

Mzee wa Mbuba akatikisa kichwa polepole. "Mkwe, hata mimi ningeuloweka."

Huenda kweli ni maji. Huenda nilikosea kipimo cha unga na baba akanibebea kosa mbele ya wakwe. Nimemwuliza mara nyingi, na kila mara ananijibu kuwa yeye ni mkulima, mambo ya unga hayajui.

Siku ile aliinua macho akaniona nimesimama bila kanga mbele ya wakwe. Hakunigombeza. Alininyooshea mkono, baba mkwe akamshika upande wa pili, tukamwinua, naye akaendelea kuchagua ng'ombe kwa mguu mmoja.